Kinga ya taa za studio ni sehemu ya mtaji

Mwenye studio ya picha anayefungua fremu Mtoni, wilayani Temeke, mara nyingi hupiga hesabu moja tu: fedha alizonazo zitanunua taa ngapi. Huenda Kariakoo, akarudi na vichwa vitatu au vinne vya flashi, miavuli na stendi zake, akavichomeka vyote kwenye ekstensheni moja na kusubiri wateja wa picha za pasipoti, mahafali na sendofu. Hesabu hiyo ina kasoro. Taa isiyo na kinga haijawa mali bado. Ni dau lililowekwa mezani, na mara nyingi dau lenyewe ni fedha za mkopo au za kikoba.

Adui wa kwanza ni umeme wenyewe. Dar es Salaam imepitia migawo ya umeme mwaka 2006, mwaka 2011 na tena mwishoni mwa mwaka 2023, kabla ya mtambo wa kwanza wa bwawa la Julius Nyerere kuanza kuzalisha Februari 2024 na kupunguza makali. Lakini wingi wa umeme ni jambo moja, na ubora wa umeme unaofika kwenye soketi ni jambo jingine. Kiwango cha nchi ni volti 230. Kwenye mtaa wenye nyumba nyingi zilizounganishwa katika laini moja, volti hushuka jioni kila mtu anapowasha vyombo vyake, na umeme unaporudi baada ya kukatika huweza kuja kwa kishindo. Flashi huumia upesi kwa sababu kila baada ya picha huvuta umeme mwingi kwa muda mfupi ili kujaza kapasita zake, ambazo hubeba zaidi ya volti 300.

Kwa hiyo shilingi ya kwanza isiende kwenye taa. Iende kwa fundi mwenye leseni ya EWURA akague nyaya za fremu, hasa ule waya wa kutuliza umeme ardhini ambao mafundi huuita erthi. Fremu nyingi zilijengwa kwa ajili ya balbu moja na redio, na mwenye nyumba hana haraka ya kubadilisha nyaya. Shilingi ya pili inunue kifaa cha kulinda volti, kile kinachokata umeme unapozidi au kupungua na kusubiri dakika chache kabla ya kuurudisha. Mnunuzi asome ampea zilizoandikwa juu yake, kwa kuwa kinga ya friji moja haitoshi taa nne. Ekstensheni nayo iwe ya waya mnene, na isitumike ikiwa imeviringishwa, maana hupata joto na kuyeyuka.

Jenereta ndogo si jibu kamili. Flashi mbili zinapojijaza kwa pamoja, volti za jenereta huyumba, na mwenye taa hupata hasara ileile aliyokuwa akiikimbia. Anayelazimika kuitumia apunguze nguvu ya flashi na kuongeza muda kati ya picha na picha. Flashi za betri huondoa tatizo hilo, ila betri zake zisiachwe juani wala kuchajiwa usiku kucha bila mtu wa kuziangalia.

Wapo wanaobana matumizi mahali pasipostahili, kwa hofu kwamba flashi inamaliza LUKU. Tarakimu zinasema vingine. Flashi ya jouli 400 ikipigwa kwa nguvu zote mara 9,000 hutoa nishati iliyo sawa na uniti moja ya umeme. Hata ukihesabu umeme unaopotea kama joto, bado ni maelfu ya picha. Kinachokula uniti ni ile taa ndogo ya kuongozea inayowaka muda wote ndani ya kichwa cha flashi. Mbili za wati 150 zikiwaka saa 10 kwa siku humaliza uniti 3. Mwenye studio azizime wakati hakuna mteja, na fedha inayookolewa ianze kulipia kinga.

Adui wa pili ni mahali penyewe. Mtoni iko karibu na bahari, hewa yake ina unyevu na chumvi, na masika ya Machi hadi Mei huleta maji mpaka mlangoni. Vifaa vikae kwenye rafu, si sakafuni. Flashi iliyokaa miezi bila kazi isipigwe kwa nguvu zote siku ya kwanza. Iwashwe kwa nguvu ndogo na kuachwa kama saa moja ili kapasita zake zizoee tena. Stendi ifungwe mfuko wa mchanga miguuni. Mchanga Mtoni hauna bei kubwa, lakini taa iliyoangushwa na mtoto wa mteja ina bei.

Jambo la tatu si la mali peke yake. Kapasita hubaki na umeme hata baada ya taa kuchomolewa ukutani. Fundi wa redio anayefungua flashi kwa bisibisi bila kuijua anaweza kupoteza maisha. Taa ikifa ipelekwe kwa anayeifahamu kazi hiyo, au ihesabiwe kuwa imekufa.

Mnunuzi aangalie pia kesho ya vipuri. Kampuni ya Bowens ya Uingereza, ambayo taa zake zilisifika duniani, ilifungwa mwaka 2017. Hata hivyo, mdomo wake wa kushikia vifaa unaendelea kutumiwa na viwanda vingine, vikiwemo vya China. Anayenunua taa yenye mdomo huo hakosi softiboksi. Anayenunua ya mdomo wa peke yake kwa sababu ya bei ndogo hujifunga mwenyewe.

Wenye mtaji mdogo watasema kinga ni anasa ya wakubwa. Ukweli ni kinyume chake. Studio kubwa ikiunguza taa moja huchukua nyingine stoo. Ndogo ikiunguza Jumamosi ya harusi hurudisha malipo ya awali ya mteja na kupoteza jina mtaani, huku rejesho la mkopo likiwa palepale. Taa mbili zenye kinga zina faida kuliko nne zisizo nayo.

Kanuni inayofaa ni kutenga angalau shilingi moja katika kila kumi za taa kwa ajili ya kinga, kutunza risiti na namba za vifaa, na kuulizia bima ya wizi na moto kwa kampuni iliyosajiliwa na TIRA. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wauzaji wa Kariakoo nao wana nafasi hapa: anayeuza taa pamoja na kinga yake, kwa bei moja, atamwona mteja huyo akirudi kununua taa ya tatu badala ya kurudi kulalamika.