Umeumia 'Huko Chini'? Usinyamaze

Mwaka nilioacha chuo nilikuwa naendesha boda kutafuta unga. Jioni moja matatu ilifunga breki mbele yangu, nami nikafunga zangu. Sikuanguka, lakini niliteleza mbele nikagonga tangi la mafuta na mahali ambapo kila mwanamume anapajua. Nilikaa kando ya barabara nikijifanya naongea na simu. Usiku mkojo ulitoka na rangi ya strungi.

Nilimwambia nani? Hakuna. Kesho yake nilienda duka la dawa, nikasema naumwa na mgongo. Nikauziwa dawa ya mgongo.

Siku ya tatu ndipo nilifika hospitali. Daktari hakucheka. Aliniambia mrija wa mkojo ukiumia unaweza kupona na kovu, na kovu hilo likauziba polepole. Kuna watu wanaokuja baada ya miezi au miaka, mkojo ukitoka kwa matone. Yote hayo kwa sababu waliona haya.

Maoni yangu ni haya: aibu ndiyo inatuumiza kuliko ajali. Ukivunjika mkono unaonyesha kila mtu plasta. Ukiumia sehemu za siri, hata mama hajui.

Ukweli ni kwamba majeraha mengi ya huko ni madogo na hupona haraka, kwa sababu damu hufika vizuri. Umejikata na wembe ukinyoa? Osha kwa maji safi, bonyeza na kitambaa safi hadi damu ikome, vaa nguo isiyobana. Pamevimba kidogo? Funga barafu kwa kitambaa, weka dakika 10 hadi 20. Usipake spiriti wala dawa ya meno. Zipu ikikushika usiivute kwa nguvu. Paka mafuta ya kupikia, na ikikataa nenda ikatwe hospitalini. Na ngono isubiri hadi upone kabisa.

Lakini kuna dalili ambazo si za kuvumilia: damu kwenye mkojo au ikitoka kwenye tundu la mkojo, kushindwa kukojoa, uvimbe unaoongezeka, au damu isiyokoma baada ya kubonyeza dakika 10. Korodani ikiuma vikali ghafla, hata kama hukugongwa, nenda saa hiyo hiyo. Huenda imejisokota, na baada ya saa 6 hivi nafasi ya kuiokoa hupungua sana.

Madada, haya ni yenu pia. Ukianguka juu ya chuma cha baiskeli kisha utokwe na damu ambayo si ya hedhi, usiweke pedi ukangoja iishe. Na kama aliyekuumiza ni mtu, kosa si lako. Fika hospitali mapema, kabla ya kuoga ukiweza. Dawa za kuzuia HIV huanzwa ndani ya saa 72.

Kwa wahudumu wa afya: kijana akija kwa dirisha lako akinong'ona, usimwulize kwa sauti mbele ya foleni. Ametumia nguvu zake zote kufika hapo.

Nawe msomaji, jizoeze kusema sentensi moja: "Nimeumia sehemu za siri, nataka kuonwa." Mimi ilinichukua siku tatu kuisema. Wewe iseme leo.