Leseni ya Bunduki Si Leseni ya Porini

Kiangazi kikishika na majani yakaungua, vijiwe vya vijiji vinavyopakana na hifadhi hujaa mawakili ambao hawajawahi kukanyaga darasa la sheria. Kila mmoja ana kifungu chake. Nyingi ya hoja zao zina chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo inayowaponza watu. Nazijibu hapa zile zinazorudiwa sana, kwa kufuata sheria za Tanzania.

"Mnyama akiingia shambani mwangu ni wangu."

Si wako. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, kifungu cha 4, inasema wanyamapori wote ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wao kwa niaba ya wananchi. Ardhi nayo ni hivyo hivyo chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ila ardhi unaweza kupewa hati ukaimiliki kwa miaka kadhaa. Hati hiyo inataja mipaka na matumizi, haimtaji swala. Jirani zetu Wakenya wamebana zaidi: tangu mwaka 1977 walipopiga marufuku uwindaji, hata mwenye ranchi ya maelfu ya ekari kule Laikipia haruhusiwi kumpiga pundamilia kwa burudani yake.

"Basi akila mahindi yangu namuua, na kitoweo napata."

Nusu ya kwanza ina mashiko. Sheria inakubali mtu ajitetee, yeye na mali yake, mnyama anapokuwa hatari kweli. Ukishaua kwa kujitetea, toa taarifa. Nyama, ngozi na pembe ni nyara za serikali tangu mnyama anapoanguka. Anayekwenda kuripoti ana utetezi mkononi. Anayemchuna usiku na kugawa minofu kwa shemeji zake ameutupa utetezi huo yeye mwenyewe. Najua kinachomsukuma: kifuta jasho, yaani malipo ya serikali kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama, hakiitwi fidia na wala si fidia, ni kidogo, na huchelewa hadi mkulima akavuna msimu mwingine. Hilo ni lalamiko halali la kupeleka kwa diwani na mbunge. Mbele ya hakimu halimwondolei mtu kosa la kukutwa na nyama.

"Bunduki yangu ina leseni halali, naibeba popote."

Dai hili ndilo limewafikisha wengi kizimbani, na wengine ni watu waungwana kabisa, wastaafu na wafanyabiashara walioomba silaha kwa njia zote zinazotakiwa. Leseni inayotolewa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inajibu swali moja tu: je, wewe unafaa kumiliki silaha hii? Haisemi kama unaweza kuwinda, kwa kuwa hilo lina leseni yake, inayotaja aina ya mnyama, idadi na eneo. Haisemi pia kama unaweza kukanyaga ardhi ya mwenzio, maana hilo analijibu mwenye ardhi. Ni vibali vitatu vinavyotoka kwa watu watatu, na kimoja hakizai kingine. Hata mwenye shamba akikuambia "karibu, piga kanga wawili", amekupa kile alicho nacho, yaani ruhusa ya kuingia. Kanga hakuwa wake wa kukupa.

Kisha kuna kifungu cha 103 cha ile sheria ya mwaka 2009, ambacho vijiweni hakitajwi kabisa. Ukikutwa na silaha katika mazingira yanayoashiria kwamba umewinda au unakusudia kuwinda kinyume cha sheria, hilo pekee ni kosa. Haihitajiki nyama, haihitajiki damu. Gari lililozimwa taa pembeni ya shamba la mkonge saa nane usiku, kurunzi kubwa, bunduki imejazwa risasi: hapo mwendesha mashtaka hana kazi ngumu. Ndani ya pori la akiba mambo ni makali zaidi, maana bunduki, upinde au mshale bila kibali cha maandishi ni kosa hata kama umefunga safari ya kutafuta asali. Na ndani ya hifadhi ya taifa hata panga linahesabiwa, isipokuwa umridhishe askari kwamba ulilibeba kwa kazi nyingine isiyo ya kuua au kujeruhi mnyama. Kumridhisha ni juu yako.

"Gobore si bunduki, ni chuma cha babu."

Lina mtutu, linatoa kitu kinachoua. Ni bunduki. Kulitengeneza bila leseni ni kosa, kulimiliki ni kosa lingine. Jeshi la Polisi hutangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa, na magobore ni miongoni mwa zinazorudishwa. Subiri tangazo, upeleke.

"Hapakuwa na uzio wala kibao. Nilikuwa napita tu."

Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 299, haiulizi kuhusu uzio. Inauliza kama uliingia kwenye mali iliyo mikononi mwa mtu mwingine bila haki, na kwa nia gani: kutenda kosa, kumtisha mwenyewe, kumtukana au kumkera. Mpita njia aliyekata kona kwenda kisimani hana nia hiyo. Aliyekata kona na bunduki begani atalazimika kueleza mengi. Na tusidanganyane kuhusu neno "porini". Sehemu kubwa ya kile tunachokiita pori la wote ni ardhi ya kijiji, ina halmashauri ya kijiji inayoisimamia kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999.

"Nyama ya kula nyumbani si ujangili. Majangili ni wa meno ya tembo."

Hapa namwelewa msemaji hata ninapompinga. Kwa lugha ya mtaani jangili ni mtu wa bunduki kubwa na pesa kubwa. Kwa sheria, paja la nyumbu lililokutwa kwenye gunia ni nyara ya serikali kama lilivyo jino la tembo, na shtaka lake husomwa pamoja na Sheria ya Uhujumu Uchumi. Watu wamefungwa miaka 20 kwa nyama ya mnyama mmoja. Na tangu kanuni za mwaka 2020, nyamapori inauzwa kihalali katika mabucha yenye leseni, kwa hiyo kisingizio cha kukosa pa kununua kimepungua nguvu. Ukinunua, tunza stakabadhi.

Hata hivyo si kila anayekamatwa anafungwa kihalali. Nyama huoza, hivyo polisi huomba amri ya kuiteketeza kabla ya kesi kusikilizwa. Mahakama ya Rufani imesema mshtakiwa lazima awepo mbele ya hakimu amri hiyo inapoombwa, na asikilizwe. Hukumu zimefutwa kwa kasoro hiyo. Mkulima anayejua hili ana faida kubwa kuliko anayetegemea hoja ya kitoweo.

"Sheria hizi ni za mkoloni, zinamkamata mnyonge tu."

Mzizi ni wa kikoloni kweli. Gavana wa Kijerumani Hermann von Wissmann ndiye aliyetoa amri ya mwaka 1896 iliyodai leseni za kuwinda na kutenga maeneo ya wanyama, likiwemo la Rufiji. Lakini sheria ya leo imetungwa na Bunge letu, na kuna sababu: tembo walikadiriwa kuwa kama 109,000 mwaka 2009, na kufikia 2014 walibaki kama 43,000. Hawakuuawa kwa mitego ya waya ya sungura.

Kuhusu mnyonge, takwimu za maumivu zipo pande zote. Operesheni Tokomeza ya mwaka 2013, ya kupambana na ujangili, ilisitishwa baada ya Bunge kusikia ya mateso na vifo, na mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao Desemba mwaka huo. Februari 2019 Mahakama ya Kisutu ilimfunga mfanyabiashara Mchina Yang Fenglan, aliyeitwa malkia wa pembe, miaka 15 kwa biashara ya mamia ya vipande vya meno ya tembo. Kumi na tano, wakati mwenye paja la nyumbu anaweza kupewa ishirini. Nakubali uwiano huo ni wa aibu na viwango vya adhabu virekebishwe. Anayetaka virekebishwe hatasaidiwa na kijana mwingine aliyeingia gizani na gobore.

"Aliyeingia kwangu na bunduki, nimuwahi kabla hajaniwahi."

Kanuni ya Adhabu inakupa haki ya kujitetea, wewe na mali yako, kwa nguvu inayolingana na hatari. Ukizidisha na mtu akafa, kifungu cha 18B kinakuhesabu umeua bila kukusudia. Mwindaji haramu anayekimbia na kulungu begani hakutishii maisha. Shika namba ya pikipiki yake, mwite mtendaji wa kijiji, piga simu polisi, na alama za viatu vyake zisikanyagwe hadi wafike.