Hasira ni yetu, tusiwaachie wengine waiongoze

Wandugu wa Beni na Butembo,

Kila mara watu wetu wakichinjwa, simu zinaanza kulia kabla hata maiti hazijafika hospitali. Picha, sauti, matusi. Na kila mara kuko wakubwa wanaotuambia: "Vijana, muache hasira, muongee kwa akili." Tunakataa. Tangu Oktoba 2014 tunazika. Mtu anayezika jirani yake hawezi kuongea kama anasoma komunike. Hasira yetu ni ya kweli.

Lakini tuambiane ukweli. Mukumbuke Desemba 2018. Tarehe 26, CENI ilitangaza kwamba Beni na Butembo hatutapiga kura pamoja na wengine, ati juu ya Ebola na usalama. Kura yetu ikasukumwa mpaka Machi 2019, wakati rais atakuwa amekwisha kuapa. Kesho yake, huko Beni, waandamanaji walivamia kituo cha Ebola, wagonjwa wakakimbia. Tarehe 30, huko huko Beni, watu walipanga mistari wakafanya kura yao wenyewe ya mfano. Hasira ilikuwa ile ile, mji ule ule, juma lile lile. Ya kwanza iliumiza wagonjwa wetu. Ya pili ilionyesha dunia nzima haki tuliyonyimwa.

Leo njia hizo mbili ziko ndani ya simu zetu. Mtu anatuma picha ya maiti, haina tarehe wala mahali. Chini yake anaandika jina la kabila. Mwenye kuuliza "hii ni wapi?" anaitwa msaliti. Na sisi pia tumeanguka. Usiku mmoja tulisambaza picha kama hiyo ku grupu tano. Asubuhi tukajua ni ya inchi ingine. Tuliifuta, lakini ilikuwa imekwisha kutembea. Kama mpita njia angepigwa ku barieri juu ya picha ile, tungemwambia nini mama yake?

Sisi wenye diplome bila kazi tuko na wakati mwingi na mega kidogo. Tuvitumie vizuri. Mbele ya kusambaza, tuulize: Wapi? Lini? Nani amejionea? Tusitaje kabila, tutaje wajibu: nani aliambiwa mapema kwamba adui anakuja, nani alipaswa kulinda njia ile, alifanya nini? Kivu ya Kaskazini iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi tangu 6 Mei 2021. Wenye kujibu wanajulikana.

Na ninyi viongozi: mukinyamaza siku tatu kisha mauaji, uvumi unakaa ku kiti chenu. Mutuambie ukweli siku ile ile, hata kama unawachoma.

Wandugu, tulie, tukasirike, tuandike. Lakini hasira yetu ifike kwa mwenye kupaswa kujibu, si kwa jirani asiye na kosa.