Sola Mpya: Tusipime kwa Mizani Nusu

Hapana shaka kwamba maada iitwayo perovskaiti inastahiki sifa inazopewa. Mwaka 2009 Tsutomu Miyasaka na wenzake nchini Japani walitangaza sola ya kwanza ya aina hii, nayo iligeuza asilimia 3.8 tu ya nishati ya mwanga kuwa umeme. Leo, katika maabara, kiwango hicho kimepita asilimia 26, kikikaribia kabisa kile cha silikoni, maada ya sola nyingi tunazoziona mapaani.

Lakini swali la kujiuliza ni hili: umeme huo utadumu kwa muda gani? Sola za silikoni aghalabu huuzwa kwa dhamana ya miaka 25. Ama utando wa perovskaiti, ambao unene wake haufiki sehemu moja ya mia ya unywele, una maadui wanne: unyevu, oksijeni, joto, na mwanga uleule uliokusudiwa kuupokea. Unyevu ukipenya, fuwele zake huvunjika na kubaki chumvi ya risasi ya rangi ya manjano, isiyo na faida kwetu.

Wataalamu hawakukaa bure. Wameondoa viungo vinavyotoroka kwa joto na kuweka vilivyo imara zaidi, kama vile seziamu. Wameziba kasoro za uso wa fuwele. Na wameufungia utando baina ya vioo viwili. Kisha huijaribu sola kwa joto la nyuzi 85 na unyevu wa asilimia 85 kwa saa 1,000. Kufaulu hapo ni hatua njema. Hata hivyo, saa hizo ni kama siku 42, tena jaribio hilo hufanyika gizani, ilhali paani joto, unyevu na jua huja pamoja.

Sisi tunaona kwamba anayetangaza wingi wa umeme bila kutaja umri wake anapima kwa mizani nusu. Huku mwambao, joto na unyevu havituachi. Jamaa wa msikiti waliochangishana kununua sola ya kisima hawana fedha za kuinunua tena baada ya miaka miwili. Isitoshe, risasi ni sumu. Utando ukivunjika, hasara si ya mfuko peke yake.

Hivyo basi, sola hizi zitakapofika madukani mwetu, tusiulize tu zinatoa umeme kiasi gani. Tuulize zimekaa juani miaka mingapi, katika hali ya hewa ipi, na nani atalipa zikiharibika.