Buni ya Undugu

Mgeni aingiapo katika nyumba ya Kiganda hapa Kansanga huenda akaletewa buni kavu, zilizokwisha kuchemshwa pamoja na majani ya kunukia. Hizo hutafunwa tu. Hufukuza usingizi, neno ambalo askari wa lindo atalifurahia!

Katika dini ya jadi, buni hutolewa sadaka masaboni mwa lubaale. Na zamani, katika kiapo cha omukago, tunda moja lilipasuliwa, maana lina punje mbili. Kila mmoja alipaka punje yake damu ya tumboni mwake, na mwenziwe akaila. Aliyevunja kiapo hicho aliaminiwa kujiletea maafa.

Aombwaye leo kuchanjana, naapokee buni, aukatae wembe: damu hubeba UKIMWI na homa ya ini.