Noti ya Milioni Tano

Mwaka 1967, Rais Mobutu wa Kongo alipoanzisha sarafu ya zaire, zaire moja ilikuwa sawa na dola mbili za Marekani. Mwanzoni mwa 1993, noti ya zaire milioni tano ilinunua kiasi cha dola hizo hizo mbili. Serikali ilikuwa ikiziba kila pengo la bajeti kwa kuchapa noti, na hapakuwa na wa kumzuia mtawala.

Noti hiyo ya milioni tano ndiyo iliyowasha moto. Waziri Mkuu Étienne Tshisekedi, kiongozi wa upinzani, alitangaza kuwa si halali. Mobutu akawalipa wanajeshi mishahara kwa noti ile ile. Askari akifika sokoni Kinshasa na mshahara wake mkononi, mwenye bidhaa anaikataa. Mwishoni mwa Januari wanajeshi wakaasi, maduka yakaporwa na watu wengi wakauawa, akiwemo balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard. Ni rahisi kumtupia lawama Tshisekedi. Sisi tunasema aliyeichapa ndiye wa kujibu.

Oktoba mwaka huo ikatolewa zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani. Watu wa eneo la Kasai wakaigomea. Huko Mbuji-Mayi, mji wa almasi, biashara iliendelea kwa noti za zamani, zimechakaa na kuchanika. Na kwa kuwa hakuna aliyekuwa akizichapa tena, zilishikilia thamani yake kuliko zaire mpya, ambayo mwaka 1994 ilikumbwa na mfumuko wa bei uliokaribia asilimia 10,000. Hili lisipite hivi hivi. Wachuuzi na wachimba almasi waliitunza pesa vizuri kuliko benki kuu ya nchi yao, na silaha yao ilikuwa kukataa tu.

Laurent-Désiré Kabila, aliyemng'oa Mobutu, alileta sarafu ya faranga mwaka 1998. Wiki chache baadaye vita vikalipuka upya, nayo ikaanza kuporomoka. Ndiyo maana hadi leo Mkongomani ananunua mboga kwa faranga lakini akiba yake anaiweka kwa dola. Na dola yenyewe ikichanika kidogo tu pembeni, hakuna anayeipokea.

Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, benki zilifunga milango. Mwenye fedha kwenye akaunti alilala njaa sawa na asiye nayo. Kwa hiyo tunawataka wanaosaka amani ya Kongo waweke suala la benki na mishahara ya mashariki mwanzoni mwa mazungumzo, si kwenye viambatanisho. Na Rais Félix Tshisekedi, mtoto wa yule aliyeikataa noti ya milioni tano, aiache Benki Kuu iwe na uwezo wa kumwambia hapana hata yeye, wakati huu ambapo vita vinadai pesa kila siku.