Nyongo Imetoka, Uchungu Umebaki

Jirani yangu hapa Kimumu, Eldoret, alitolewa mfuko wa nyongo miaka mitatu iliyopita. Ana makovu manne madogo, moja limejificha kwenye kitovu. Mwezi wa kwanza alijisikia vyema, akarudi kwenye kibanda chake cha mboga kando ya barabara ya Iten. Kisha maumivu yakarudi, upande wa kulia, chini ya mbavu. Tangu hapo anatembea na bahasha ya kaki iliyojaa picha za altrasaundi, majibu ya damu na risiti. Ametibiwa taifodi mara tatu. Ametibiwa amiba, minyoo, na vidonda vya tumbo ambavyo hakuna aliyeviona kwa kamera. Ameacha maziwa ya mursik, ameacha mayai, ameacha nyama. Mwishowe mtu aliandika kwenye faili lake kwamba ana "ugonjwa wa baada ya kutolewa nyongo", akampa vidonge vya maumivu, akamwambia azoee.

Makala haya yamezaliwa na neno hilo, azoee.

Jina aliloandikiwa limo vitabuni kwa miaka mingi, na hatari yake ni kwamba linafanana na jibu. Linataja wakati tu: maumivu yamekuja baada ya upasuaji. Chanzo halikitaji. Ni kama kuandika kwenye kadi ya mtoto kwamba ana homa ya baada ya mvua. Nyuma ya jina hilo kunaweza kuwa na jiwe lililosalia kwenye mrija wa nyongo, kidonda cha tumbo, kongosho lililovimba, utumbo unaojikaza ovyo, ngiri kwenye kovu, hata moyo usiopata damu ya kutosha. Kila kimoja kina tiba yake. Jina halina tiba.

Ninavyoona mimi, kosa kubwa hutokea kabla mgonjwa hajalazwa. Carl Langenbuch alipotoa mfuko wa nyongo kwa mara ya kwanza kule Berlin, Julai 1882, hoja yake ilikuwa kwamba mfuko ndio unaotengeneza mawe, basi uondoke wenyewe. Hoja hiyo ni sahihi kwa mtu ambaye mawe ndiyo yanayomuumiza. Lakini watu wengi wenye mawe hawaumwi nayo maisha yao yote. Mtu akiumwa tumbo kwa sababu nyingine, akapigwa altrasaundi, mawe yakaonekana, ni rahisi sana kuyabebesha mzigo usio wao. Tangu upasuaji wa matundu madogo uanze, Erich Mühe akiwa wa kwanza kuufanya Ujerumani mwaka 1985, kutoa nyongo kumekuwa kwepesi, na kuuliza kwa makini kukaonekana kama kupoteza muda.

Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2019 uliwafuatilia wagonjwa 1,067 wenye mawe na maumivu ya tumbo. Nusu walihudumiwa kama kawaida, nusu walichujwa kwa masharti makali kabla ya kupasuliwa. Baada ya mwaka mmoja, wasio na maumivu walikuwa asilimia 60 kwa kundi la kwanza na 56 kwa la pili. Yaani hata katika nchi yenye kila mashine, watu wanne kati ya kumi bado walikuwa wanaumwa. Jirani yangu si mgonjwa wa ajabu, wala si mlalamishi.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza ni hili: haya ni maumivu yaleyale ya zamani, au ni mapya? Maumivu ya mawe yana tabia yake. Huja kwa kishindo, mara nyingi usiku, hushika chini ya mbavu au chembe ya moyo kwa zaidi ya nusu saa, pengine saa kadhaa, huweza kupanda hadi bega la kulia, kisha huondoka kabisa hadi siku nyingine. Kiungulia cha kila siku na tumbo kujaa gesi havina tabia hiyo. Kama maumivu ni yaleyale na hayakuwahi kufanana na ya mawe, basi nyongo ilitolewa na ugonjwa ukaachwa. Kama ni mapya, tutafute kilichotokea tangu siku ya upasuaji.

Mwenzetu mmoja, afisa wa kliniki, alikubali kumwona jirani yangu. Alimsikiliza kwanza, bila kuifungua bahasha. Kisha akamwambia, "Mama, lala chali. Nionyeshe kwa kidole kimoja." Mama akaweka ncha ya kidole pembeni mwa kovu, mahali padogo kuliko sarafu ya shilingi kumi. Afisa akabonyeza hapo, akamwomba ainue kichwa na mabega bila kujishika. Misuli ya tumbo ilipokaza, mama alipiga ukelele. "Hapo hapo, daktari! Ndio hapo!"

Kama maumivu yangetoka ndani, misuli iliyokaza ingekuwa ngao na yangepungua. Yakizidi, shuku ukuta wa tumbo wenyewe, mara nyingi mshipa wa fahamu uliobanwa. John Carnett wa Philadelphia alikieleza kipimo hiki mwaka 1926. Hakihitaji umeme wala bima ya afya ya SHA. Mama alichomwa sindano ya ganzi mahali palepale, na maumivu yakalegea kabla hajavaa viatu. Miaka mitatu, na hakuna aliyewahi kumwomba ainue kichwa.

Sisemi kila mgonjwa ataishia hivyo. Macho yakiwa ya manjano, mkojo ukiwa mweusi kama chai ya strungi, kinyesi kikiwa cheupe, au homa ikija na kutetemeka, huenda mrija wa nyongo umeziba, na mtu huyo anahitaji hospitali kubwa siku hiyohiyo. Anayekonda, anayetapika damu au anayekwamwa na chakula kooni apigwe kamera upesi, hasa hapa kwetu Bonde la Ufa ambako saratani ya umio ni nyingi. Anayeharisha kila akila huenda anasumbuliwa na nyongo inayomwagika utumbini bila ghala, na dawa ipo.

Ila mashine nazo hudanganya zikitangulia. Kwa miaka mingi wagonjwa waliotolewa nyongo na bado wanaumwa walikatwa msuli wa Oddi, ule unaofungua mlango wa mrija wa nyongo, kwa kudhaniwa kwamba ndio unaowaumiza. Mwaka 2014 utafiti wa Marekani ulilinganisha wagonjwa 214, baadhi wakikatwa msuli, wengine wakifanyiwa utaratibu wa kuigiza tu. Waliopata nafuu walikuwa asilimia 23 ya waliokatwa na 37 ya ambao hawakukatwa.

Mji huu una Hospitali ya Rufaa ya Moi, iliyoanza mwaka 1917, na shule ya udaktari inayopeleka wanafunzi wake vituo vya afya vya vijijini wakajifunze kwa watu. Tunajua kusikiliza. Daktari unayesoma hapa, usiandike lile jina kwenye faili kabla hujauliza maumivu yalikuwaje kabla ya kisu. Nawe uliyetolewa nyongo na bado unaumwa, itafute karatasi ya upasuaji, andika maumivu yalivyokuwa zamani na yalivyo leo, uende nayo. Ukiambiwa uzoee, tafuta daktari mwingine.